Ukuta wa Kaskazini

Kijana wa kampuni alikuja na kioo cha mfano,
kikubwa kama daftari, akakimwagia maji.
Hayakufanya matone.
Yalitanda kama shuka likitandikwa,
yakateremka, yakaondoka na vumbi.
"Kinajiosha chenyewe," akasema,
na mkurugenzi wa nyumba ya wazee akapiga makofi.
Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni
na ndoo yangu, na mpira wangu wa kufutia,
nikaiona kazi ya miaka thelathini na mmoja
ikiteremka pamoja na yale maji.

Wanasema umepakwa utando, ewe kioo,
mwembamba hata unywele wangu mmoja
ukipasuliwa mara elfu tano
hautakuwa mnene kuuzidi.
Jua linaulegeza uchafu, mvua inausindikiza.
Nimeupapasa kwa ncha ya ukucha:
siuoni, siushiki.
Ni kama deni la marehemu,
halina umbo, lakini kuna mtu analilipa.

Sina ugomvi na vitu vidogo.
Miwani yangu imepakwa, haishiki ukungu
nikitoka baridini kuingia jikoni.
Koti langu huitema mvua ya Gent
kama mtoto anavyotema uji.
Na Joris, mkwe wangu, alinipa soksi
zenye chembe za fedha, ati hazinuki kamwe.
Nikapanda ngazi na fedha miguuni
kama binti wa sultani,
nikacheka peke yangu orofa ya tatu.
Ila nazifua kila Jumamosi,
na sasa zinanuka kama soksi.
Ile fedha imekwenda wapi?
Bomba halisemi. Mto Leie unapita, hausemi.
Samaki wa huko chini
wanavaa nini siku hizi?

Walibadilisha vioo vyote mwezi wa Aprili.
Mwezi wa Juni wakanipigia simu.

Kumbe utando unataka jua, na mvua pia,
na ukuta wa kaskazini, chini ya paa lililojitokeza,
haupati hili wala ile.
Huko moshi wa malori umeganda,
buibui wamehamia na jamaa zao,
njiwa wametia sahihi.
Madirisha kumi na manne, mara moja kwa mwezi.
Zamani yalikuwa sitini.
Nikakubali. Nani angekataa? Kodi haijioshi.

Bi Alida yuko upande wa kusini, chumba cha tisa.
Alikuwa akisikia ngazi ikigusa ukuta
anapaka rangi ya mdomo.
Kisha anabandika gazeti kwenye kioo, lile fumbo la maneno,
kidole kwenye visanduku vitupu,
nami nje, upepo ukinivuta koti,
namwandikia jibu katika povu
kinyumenyume, ili yeye alisome sawa.
Mara nyingine nilikosea kwa makusudi
apate kutikisa kichwa.
Sasa kioo chake kinang'aa mwaka mzima.
Kinaonyesha mbingu, na mbingu haijui
mji mkuu wa Mongolia una herufi ngapi.

Jumanne ya kwanza ya Septemba
nimefika dirisha la mwisho kaskazini,
chumba cha Bwana Ghislain, tuliyemzika Julai.
Kitakuwa kitupu, nikasema, nitakipitia haraka.
Napaka povu, navuta mpira,
na mtu anatokea, kipande kwa kipande:
mvi, paji la uso,
mdomo mwekundu.

Kumbe amewaambia wauguzi
kwamba jua la kule linamuumiza macho.
Humu mna baridi. Amejifunga mablanketi mawili.
Hanipungii mkono, hana muda huo;
ananyanyua gazeti, anagonga,
anagonga tena.

Nakilowesha upya kioo nilichokwisha kufuta,
naanza kuandika,
kutoka kulia.